Sanduku la santuri ndogo la Luanda au LP za Nakuru: nichukue lipi kwa kuchota sampuli?

Migosi_Prodyuza (mwanzilishi wa mada)

Habari zenu, ndugu na dada. Naomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi, kwa sababu fedha ninazo mkononi na sitaki kuzitumia vibaya. Nimetengeneza midundo ya hip hop hapa Kisumu kwa miaka minne, na sampuli zangu zote, yaani vipande vya nyimbo za watu ninavyojengea midundo, nilikuwa nikizitoa kwenye mafaili ya intaneti, mpaka nikafika mahali ambapo kila kipande kinachonivutia nimeshakisikia kwenye mdundo wa mtu mwingine. Kwa hiyo nimeamua kuanza kukusanya santuri.

Nina njia mbili. Ya kwanza ni sanduku la santuri za inchi 7, zipatazo 140, lililoko nyumbani kwa mama mmoja mjane karibu na Luanda ya Vihiga, ambaye marehemu mumewe alikuwa akipiga santuri kwenye klabu miaka ya sabini. Anataka shilingi 35,000 kwa sanduku zima. Ya pili ni LP 22, zile santuri kubwa zenye nyimbo kadhaa, zilizo kwa muuzaji mmoja wa Nakuru, nyingine rumba na nyingine soul ya Marekani, kwa shilingi 1,500 kila moja. Siwezi kununua zote. Mngekuwa ninyi, mngechukua zipi?

Fundi_Sindano

Ndugu Migosi, bei na idadi umetupa, lakini yale ambayo yangetuwezesha kukujibu umeyaacha. Je, una mashine ya kuchezea santuri, na kama unayo, ina sindano ya aina gani? Una preampu, yaani kikuza sauti cha santuri? Nauliza hili kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, na preampu ndiyo inayorudisha kila kitu mahali pake. Ukichomeka mashine moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni utapata sauti nyembamba kama ya simu, kisha utailaumu santuri bure. Unatumia sampla, ile mashine ya kurekodi na kukata vipande, au programu ya kompyuta? Midundo yako ina kasi gani? Na swali lililo kubwa kuliko yote: hizo santuri umezisikiliza kwa masikio yako, au umeonyeshwa picha?

Kondele_Laptop

Mimi nitasema wazi kwamba sioni sababu ya kutumia shilingi 35,000 kwa plastiki. Benga nyingi za zamani, ule muziki wa gitaa wa Wajaluo, zimeshapakiwa kwenye intaneti, na fedha hizo zingekununulia spika nzuri za studio. Msikilizaji wa Kondele aliyepanda matatu hatajua kama gitaa lile lilitoka kwenye santuri au kwenye faili.

Mwana_Omutibo

Ndugu yangu wa Kondele, msikilizaji hatajua chanzo, lakini atasikia tofauti. Faili lililopakiwa limeshabanwa mara moja au mbili, na mara nyingi aliyelipakia alilinakili kutoka kwenye kaseti iliyochoka. Ukilipunguza kasi, matoazi yanaanza kulia kama maji yanayopita kwenye bomba, na hakuna kichujio kitakachokuondolea kasoro hiyo. Isitoshe, mwenzetu ameeleza kwamba amechoka kusikia vipande vyake kwa wengine. Kwenye sanduku la Luanda zinaweza kuwemo santuri ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzipakia popote.

Migosi_Prodyuza

Nisameheni kwa kuacha hayo. Mashine yangu mwenyewe sina. Nilipanga kutumia radiogramu ya baba mdogo, ambayo bado inazunguka vizuri ingawa haijafanyiwa matengenezo kwa muda mrefu. Nafanya kazi kwenye kompyuta, na midundo yangu huwa kati ya mapigo 85 na 95 kwa dakika. Za Nakuru nimeonyeshwa kwa video. Za Luanda nimeletewa picha na binamu yangu, naye ameniambia kwamba kumi hivi kati yake ni kubwa kidogo kuliko zingine, ni nzito, ni ngumu kama kigae, na mbili zimevunjika ukingoni.

Fundi_Sindano

Hapo ndipo penye jambo. Hizo nzito ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo kwa kawaida ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, na si za vinaili, yaani plastiki. Zina mifereji mipana zaidi, na sindano ya kawaida huzama hadi chini ya mfereji na kukokota uchafu badala ya kugusa kingo, kwa hiyo zinahitaji sindano yake maalumu. Usizipanguse kamwe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha shelaki.

Kuhusu radiogramu ya baba mdogo, nakusihi usiiguse mpaka mtu aikague. Nyingi za mashine hizo zina katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ya kauri inayokandamiza kwa gramu tano au zaidi, wakati katriji ya sumaku ya siku hizi hutosheka na gramu mbili hivi. Mimi nimezifungua nyingi hapa kwenye meza yangu, na mara kadhaa nimekuta ncha ya sindano imelika mpaka imekuwa na makali pande mbili, kama patasi. Ncha ya namna hiyo haisomi santuri, inaichonga. Utaicheza mara moja, na ile sauti ya gitaa uliyokuwa ukiitafuta itabaki juu ya sindano kama unga mweusi.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya Luanda na Nakuru, toa kwanza kwenye bajeti yako fedha za mashine. Mashine nzuri na santuri kumi zitakupa midundo mingi kuliko santuri 140 na radiogramu.

Bondeni_Bumbap

Naomba mnivumilie niandike kwa urefu, kwa sababu kosa analotaka kulifanya mwenzetu nimelifanya mimi mwenyewe hapa Nakuru, na sikupata mtu wa kunionya.

Nilinunua LP 18 kutoka kwa mtu wa mji mwingine kwa kuziona kwenye video tu. Alizizungusha moja baada ya nyingine mbele ya simu, zikang'aa, nami nikatuma fedha siku hiyo hiyo. Alizilaza kwenye katoni ya biskuti, zote juu ya nyingine, akazikabidhi kwa kampuni moja ya usafirishaji. Gari lilisafiri mchana kutwa wa Februari, na katoni ilikuwa imewekwa kwenye sakafu ya nyuma, mahali panapopata joto la bomba la moshi. Nilipoifungua jioni, majalada yalikuwa na uvuguvugu bado. Kumi na moja zilikuwa zimepinda.

Niliweka ya kwanza kwenye mashine nikainama nikaitazama kwa pembeni. Sindano ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi, na kila ilipofika kileleni ilinyanyuka kabisa na kuangukia mfereji wa mbele. Kulikuwa na sehemu moja ya tarumbeta ambayo niliinunulia santuri ile nzima. Niliirekodi, nikaikata, nikaitengenezea lupu, yaani kipande cha kujirudia, na kila lupu iliporudi mwanzo toni haikukutana na ile iliyotangulia, kwa kuwa santuri iliyopinda huyumbisha toni juu na chini kila inapozunguka. Nilijaribu kurekebisha kwa programu usiku mzima, na hadi asubuhi sikuwa na hata sekunde nne za kutumia.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Mtu aliniambia niziweke katikati ya vioo viwili na kuzianika juani. Zilinyooka, ndiyo, lakini joto lililozinyoosha liliharibu pia mifereji, na zilipochezwa zilitoa mvumo mzito uliofunika kila kitu. Muuzaji alisema zilitoka kwake zikiwa nzima, kampuni ikasema haikuambiwa kwamba mzigo ni wa kuharibika, na fedha zangu hazikurudi. Bado ninazo zile kumi na moja. Nimeshindwa kuzitupa.

Kwa hiyo ndugu Migosi, kama utachagua za Nakuru, panda matatu uje mwenyewe. Nitakupokea stendi, na mashine yangu utaitumia bila malipo. Zibebe zikiwa zimesimama wima, miguuni pako, upande usio na jua. Nami bado nashikilia kwamba LP za rumba ndizo bora kwa kazi yetu, hasa zile za bendi za Kikongo zilizofanya kazi Nairobi miaka ya sabini na themanini. Unakuta nyimbo nne tu kwenye santuri nzima, mbili kila upande, na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inapoanza waimbaji hunyamaza ukabaki na gitaa, besi na haihati (matoazi mawili ya mguu) kwa dakika kadhaa. Ni mgodi.

Mwana_Omutibo

Pole sana kwa yaliyokupata, Bondeni. Lakini kuhusu rumba sikubaliani nawe, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, santuri ya inchi 7 inazunguka mara 45 kwa dakika, na mfereji unaopita kwa kasi kubwa zaidi chini ya sindano hubeba sauti za juu kwa usafi zaidi. Kwenye LP, wimbo wa mwisho wa kila upande uko karibu na katikati, ambako mfereji huenda polepole, na hapo ndipo sauti huanza kukwaruza. Pili, santuri nyingi za benga zilikatwa wimbo mmoja pande mbili, Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2. Watu wengi husikiliza upande wa kwanza wakasikia maneno, wakaiweka kando. Geuza! Upande wa pili ndio mara nyingi wenye kilele, pale gitaa la solo na besi vinapofukuzana na sauti za watu zimepungua.

Tatu, na hili naomba ulishike kwa kuwa umesema kasi yako ni kati ya 85 na 95: chukua benga yenye mapigo 125 kwa dakika, uicheze kwenye mizunguko 33 na theluthi badala ya 45. Itashuka hadi mapigo kama 93, na toni itashuka nusutoni tano na kidogo. Lile gitaa jembamba la juu linageuka kuwa kitu kizito, cha usiku, ambacho hata aliyelipiga angesimama kulisikiliza. Maprodyuza wa Marekani walifanya kinyume chake: sampla ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilikuwa na nafasi ya sekunde kumi hivi tu, kwa hiyo walicheza LP kwa kasi ya 45 ili kipande kiingie, kisha wakakirudisha chini ndani ya sampla, na ule ukwaruzo uliotokea ukawa sehemu ya mtindo wao. Sisi nafasi tunayo tele, na santuri zetu zilizaliwa zikiwa na kasi ambayo inatufaa kuipunguza.

Tena Luanda ni Bunyore. Ikiwa mzee alipiga santuri kwenye klabu za upande ule, basi huenda ndani mna omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya. Abana ba Nasery walipiga magitaa yao pamoja na mlio wa chupa ya Fanta iliyokwaruzwa, na mlio ule hauhitaji kuongezewa haihati.

Bondeni_Bumbap

Hoja ya kasi naipokea. Lakini benga haikupi ngoma zikiwa peke yake. Unapata gitaa juu ya ngoma juu ya besi, yote yamebanwa kwenye mono, yaani chaneli moja, na ukitaka kuweka kiki (ngoma kubwa ya besi) yako mwenyewe inagongana na iliyomo.

Fundi_Sindano

Mono ni faida, ukijua kuitumia. Mfereji wa santuri ya mono umebeba muziki kwa mwendo wa pembeni tu, na sehemu kubwa ya michakacho huja kwa mwendo wa juu na chini. Ukirekodi kwa katriji ya stereo kisha ukaunganisha chaneli mbili ziwe moja, kelele nyingi zinafutana zenyewe na muziki unabaki. Rekodi kwa biti 24, acha kilele kiwe kama desibeli 6 chini ya ukomo, na usikimbilie programu ya kuondoa kelele, kwa sababu hula pia mkwaruzo wa kidole kwenye waya.

Dada_wa_Lanet

Kaka zangu, mnazungumza kuhusu sindano na kasi, na hakuna aliyegusa haki. Nimefanya kazi na wasanii kadhaa katika kusajili kazi zao, kwa hiyo niruhusuni.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, rekodi ya sauti inalindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya mwaka 1972 ililindwa hadi mwisho wa 2022. Ya 1978 italindwa hadi mwisho wa 2028. Hapo wengi hufurahi wakadhani mlango umefunguka. Lakini utunzi wenyewe ni haki nyingine, nayo inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. D. O. Misiani, mwanamuziki maarufu wa benga, alifariki mwaka 2006, kwa hiyo tungo zake zitalindwa hadi mwisho wa 2056. Nchi zingine zina hesabu zao, na wimbo ukishapakiwa unasikika kote.

Msidhani ni jambo la mbali. Mwaka 2018 Kanye West alitumia kipande cha Kothbiro ya Black Savage, kundi la Kenya la miaka ya sabini, na majina ya Ayub Ogada na James Mbarack Achieng yakawekwa miongoni mwa watunzi wa wimbo wake huo. Ikiwa wa huko walitaja majina yetu, sisi tulio mwendo wa boda kutoka kwa familia za wanamuziki hawa tutajitetea kwa lipi? Andika jina la wimbo, msanii, namba ya santuri na lebo siku ile ile unapochota kipande. Ukiacha mpaka wimbo upendwe, utakuwa umesahau kilitoka wapi.

Kondele_Laptop

Basi ni afadhali umlipe mpiga gitaa. Kakamega na Vihiga wako wazee wanaopiga omutibo hadi leo. Kwa shilingi 35,000 ungemleta mmoja studio kwa siku mbili na chupa yake, ukarekodi kila kitu kwa chaneli yake, ukampa mkataba, na rekodi ikawa yako.

Mwana_Omutibo

Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Kondele, ingawa hilo halimzuii mtu kununua santuri. Mzee atakupa mkono wake. Chumba cha mwaka 1970, na maikrofoni moja iliyosikia watu sita kwa pamoja, hawezi kukupa.

Migosi_Prodyuza

Nashukuru sana, mmenifungua macho. Kuna jambo moja zaidi: katika picha, majalada mengi yana madoadoa meupe na lebo zingine zina kijivu. Je, ni uharibifu?

Fundi_Sindano

Ni kuvu, kwa sababu ya unyevu, na huku kwetu karibu na ziwa ni kawaida. Mara nyingi husafishika. Maji yaliyochemshwa mvuke, yale ya kutia kwenye betri yasiyo na asidi, matone mawili ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na upanguse kufuata mzunguko wa mifereji. Lebo usiiloweshe.

Bondeni_Bumbap

Mimi hutumia gundi nyeupe ya mbao. Unaipaka juu ya santuri, unaiacha ikauke usiku kucha, kisha unaibandua kama ngozi na uchafu wote unatoka nayo.

Fundi_Sindano

Bondeni, njia hiyo naijua na nimeona ikifanikiwa, lakini nimeona pia gundi iliyochanganywa na maji dukani ikibaki ndani ya mifereji, na haikutoka tena. Kwa santuri yako ya shilingi mia mbili jaribu. Kwa santuri ambayo huenda ni ya pekee iliyobaki, hapana. Na kwa zile za shelaki, usithubutu.

Bondeni_Bumbap

Nimefanya zaidi ya thelathini bila tatizo. Inategemea gundi.

Fundi_Sindano

Ndiyo, inategemea gundi, nami siwezi kujua ya dukani kwenu ina nini ndani.

Dada_wa_Lanet

Migosi, kabla gundi haijatuchukua jioni nzima: huyo mama anajua anachouza? Umemweleza kwamba utachota vipande na kutengeneza muziki wa kuuza?

Migosi_Prodyuza

Swali lako, dada, lilinifanya nimpigie simu badala ya kumwachia binamu. Pale kijijini wote wanamwita Kukhu, yaani bibi, nami nikamwita hivyo. Nilimweleza kila kitu. Hakukasirika. Aliniambia kwamba mashine ya mumewe iliharibika miaka mingi iliyopita na tangu siku hiyo hajasikia hata santuri moja, na kwamba mzee alikuwa akiandika kwa penseli kwenye lebo, alama ya msalaba kwa zile zilizowainua watu vitini. Bei hajapunguza. Lakini amesema iko moja yenye misalaba miwili, na hataliachia sanduku kabla hajaisikia hiyo. Na hiyo moja haiuzi.

Kwa hiyo sasa sijui hata kama Jumamosi naenda kununua. Nahitaji mashine ya kubeba, na kwake hakuna umeme.

Fundi_Sindano

Njoo kwangu Ijumaa jioni, nyuma ya soko la Kibuye. Ninayo mashine ndogo ya kubebeka inayotumia betri kubwa sita, ina kasi zote tatu, na wiki hii nimeitia sindano mpya. Nunua betri wewe. Utasikiliza pia zile utakazotaka kuzichagua, na kama Kukhu atakubali kuziuza kwa moja moja, utajua hapo hapo.

Ila nijibu jambo hili kwanza, kwa sababu sindano niliyoweka ni ya mifereji myembamba. Ile yenye misalaba miwili ni nyepesi, au ni mojawapo ya zile nzito?

Migosi_Prodyuza

Sikumuuliza. Nampigia tena sasa hivi.